Mpini bomba, wembe hakuna!

MPENZI msomaji, leo usikimbie ukiona natoa kisu mfukoni. Sijageuka kibaka, wala sina ugomvi na mtu. Nimezoea kukuletea habari za mapenzi, mavazi na vituko vya kwenye vifodi, lakini wiki hii nimeona nikupe kisa kilichonipata mimi mwenyewe, na kisa chenyewe kinahusu kisu. Si panga wala sime. Kisu kidogo tu cha kukunja, chepesi, kile ambacho makali yake yakiisha huhangaiki kuyanoa. Unachomoa wembe wa zamani, unachomeka mpya, kazi inaendelea.

Vijana wengi wa Arusha wanavipenda visu hivi. Mafundi wa dari wanavyo, wauza maduka wanafungulia maboksi, wapagazi wa mlimani wanakatia kamba. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunavichagua kama tunavyochagua raba za kutokea Jumapili. Tunaangalia rangi, tunaangalia umbo, tunawaza washikaji watasema nini. Mimi nilifanya hivyohivyo, na mwisho wake mdogo wangu wa kike akakosa kuanza chuo. Ndiyo, kwa sababu ya kisu! Tulia nikupe mkanda mzima.

Bibi yangu mzaa baba anakaa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ukiiacha lami ya Arusha na Moshi unapandisha juu, unapita migomba na mibuni ya kizee, mpaka miguu inakuuliza ulikosa nini. Udongo wa huko ni mweusi, wa volkano. Mlima ule ulitema moto mara ya mwisho mwaka 1910, na mpaka leo watu wanakula matunda ya majivu yake. Ukichomeka kitu ardhini kinaota, hata kama wewe mwenyewe ni mvivu.

Zamani pale kwa bibi ilikuwa kahawa tu na ndizi. Siku hizi kila mtu ameingia kwenye parachichi, hasa hii aina ya Hass yenye ganda gumu linalogeuka jeusi likiiva. Wanunuzi wanaitaka kwa sababu inavumilia safari. Novemba 2022 Tanzania ilisaini makubaliano ya kupeleka maparachichi China, basi huko milimani ikawa habari ni hiyohiyo, hata kwenye misiba watu wanaongea Hass.

Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wa mjini wengi hatulijui. Ukila Hass halafu ukapanda ile kokwa, hutapata Hass. Utapata mti, utazaa, lakini utazaa kitu chake. Ili upate Hass ni lazima ubebeshe. Unaotesha kokwa la kienyeji kwenye kiriba, mche ukifika unene wa penseli unaukata kichwa, unapasua shina katikati, halafu unachukua kikonyo cha mti wa Hass, unakichonga kama kabari, unakipachika kwenye ule mpasuko na kuufunga kwa nailoni. Vikishikana, juu ni Hass, chini ni kienyeji. Ndoa imefungwa!

Hata huyo Hass mwenyewe alikuwa mtu. Rudolph Hass alikuwa mbeba barua za posta huko California, Marekani. Mwaka 1926 alipanda kokwa, akajaribu kulibebesha aina nyingine iliyokuwa na jina wakati ule, vikonyo vikagoma. Akaamua kuuacha mti ukue wenyewe. Matunda yake yakawa matamu kuliko yale aliyoyataka, na mwaka 1935 akapewa hataza ya mti huo. Mti mama ulikufa kwa ugonjwa wa mizizi na kukatwa mwaka 2002, lakini kila mti wa Hass duniani, pamoja na ile ya Nkoaranga, ni kipande chake kilichopita kwenye makali ya kisu cha mtu. Fikiria visu vingapi hapo katikati!

Aliyenifundisha kazi hii ni baba mdogo. Yeye ni fundi wa kubebesha wa siku nyingi, na kisu chake ni Okapi ya zamani ya kukunja, yenye mpini wa mbao. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani huku Afrika, nasi tukiwa mojawapo. Tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Ya baba mdogo imenolewa mpaka bapa lake limebaki jembamba kama jani la mkaratusi. Kila asubuhi kabla ya chai anakaa kwenye jiwe dakika ishirini, shaa, shaa, shaa. Mimi mtoto wa mjini nikawa namcheka kimoyomoyo. Dakika ishirini za kunoa kisu na dunia imeendelea namna hii?

Basi bwana, mwaka juzi mdogo wangu akamaliza kidato cha nne, akataka kusomea ushonaji kwenye chuo cha ufundi. Ada ikawa kizungumkuti. Bibi akaniita, akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi nina mbuzi jike mmoja. Nikimuuza, utaweza kunitengenezea kitalu cha miche, tuuze Desemba, mtoto aingie shule Januari?"

Nikamjibu, "Bibi, hilo limekwisha." Ndivyo nilivyomjibu. Limekwisha!

Mbuzi akauzwa. Tukanunua viriba, tukajaza udongo na samadi, tukaotesha makokwa. Ilipofika Agosti, baridi ya Meru ilipoanza kulegea, miche 400 ilikuwa imesimama kama askari wa gwaride. Baba mdogo alikuwa ameondoka kwenda Mbulu kwa kazi ya miezi miwili, na Okapi yake akaondoka nayo. Hapo nikabaki mimi, miche, na sifa zangu.

Na sifa zilikuwa nyingi, kwa sababu wiki chache kabla nilikuwa nimepata kisu. Binamu yangu ni mpagazi, anapandisha wageni Mlima Meru kupitia lango la Momella, wanalala Miriakamba, wanalala Saddle Hut, halafu usiku wanakwenda kukitafuta kilele. Mgeni mmoja alipomaliza safari alimpa kisu kama bahashishi, na binamu kwa kuwa ananipenda akanipa mimi.

Msomaji wangu, kisu kilikuwa bomba! Mpini wa rangi ya chungwa, mwepesi, ukikitia mfukoni unasahau kama kipo. Unabonyeza kitufe, wembe unatoka. Unachomeka mwingine, "klik", umekaa. Na makali yake usiseme. Ukigusa karatasi tu imegawanyika. Kilikuja na nyembe tatu kwenye pakiti yake.

Tatu! Neno hilo lilipita sikioni kwangu bila kupiga hodi.

Wembe wa kwanza niliumalizia Kijenge, maskani, nikiwaonyesha washikaji. Nikamenya miwa, nikakata mikanda ya maboksi, nikachonga njiti za meno, nikamkata kucha mshikaji mmoja aliyekuwa anabisha. Wa pili ukavunjika nilipoutumia kufungulia kopo la rangi. Nyembe hizi ni nyembamba, hazipendi kupindwa pembeni, lakini mimi nani angeniambia? Siku ya kupanda Nkoaranga kubebesha nilikuwa na mmoja, ule wa tatu, na roho yangu ilikuwa safi kabisa. Nikajisemea, ukiisha nitanunua mwingine mjini. Arusha hii itakosa wembe?

Siku ya kwanza nilibebesha miche 120. Mwanzoni kisu kilikuwa kinapita kama kwenye siagi. Kuelekea jioni nikaanza kusikia kinakwaruza. Kesho yake asubuhi kilikuwa kinatafuna. Utomvu wa parachichi, chembe za mchanga, na lile shina la kienyeji ambalo nalo si la mchezo, vilikuwa vimeyala makali yote.

Nikaviviringisha vikonyo kwenye gazeti lililoloweshwa maji, nikashuka mjini mbio. Nikaanzia maduka ya vifaa vya ujenzi karibu na Soko Kuu. Muuzaji akaukamata ule wembe, akaugeuza, akauchungulia kama anayesoma barua ya Kichina. "Kaka, hii tundu lake halifanani na chochote nilicho nacho." Nikaenda duka la pili. "Bwana mdogo, hapa ni mpaka uagize huko kilikotoka." Duka la tatu mama mmoja akanihurumia. "Mwanangu, mpini huu ni mzuri kweli. Sasa si ungenunua ambao wembe wake uko dukani?"

Nilizunguka mpaka Samunge, nikazunguka mpaka Mbauda. Nikalala mjini, kesho yake nikarudi nikiwa na wembe wa kunyolea wa kiosk, ule wa makali mawili. Nikaushika hivihivi kwa vidole. Unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita, hivyo ukikutana na shina lenye mti unapinda kama ulimi wa kinyonga. Mkato wa kwanza ulikwenda na mawimbi, wa pili ukapita kwenye dole gumba langu. Damu ikachuruzika. Nikarudi kwenye kile kisu cha chungwa, nikaujaribu wembe wake kwenye jiwe la baba mdogo. Wembe mwembamba namna ile haukubali jiwe, ukazidi kuharibika. Basi nikafunga macho, nikabebesha miche 280 iliyobaki kwa makali ya kijiko.

Bibi alikuwa ananiletea uji pale kitaluni. Ananiuliza, "Inakwenda?" Namjibu, "Inakwenda, bibi."

Baada ya wiki sita tukafungua nailoni. Katika ile 120 ya kwanza, 97 ilikuwa imechipua. Katika ile 280 iliyofuata, ilichipua 31. Miche 128 kati ya 400, basi. Vikonyo vingine vyote vilikuwa vimekauka, vyeusi kama njiti za kiberiti zilizowashwa.

Baba mdogo alikuwa amesharudi. Hakusema neno. Alichomoa kikonyo kimoja kilichokufa, akanionyesha pale nilipokichonga. Palikuwa na mikwaruzo, pamepondeka, na katikati pana shimo. "Unaona hapa chini ya gome? Kuna tabaka jembamba la kijani. La kikonyo linatakiwa liguse la mche, ngozi kwa ngozi, bila hewa kupita. Kisu butu hakikati, kinaponda. Hiki si kidonda cha kisu, mwanangu, hiki ni kidonda cha jino." Akaongeza kwamba na vikonyo nilivichosha kwa kuviacha vikinisubiri wakati nazurura madukani.

Bibi naye hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alikaa kwenye kigoda chake, akaangalia viriba, akasema, "Basi mtoto atangoja." Akaenda kuchuma mboga. Niliteremka mjini jioni ile nikiwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa cha kifodi, sikutaka mtu aniulize habari.

Ile miche 128 tuliiuza Desemba. Pesa ilitosha kurudisha gharama na kununua mbuzi mdogo. Ada haikufika. Januari wenzake walipoanza chuo, mdogo wangu alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa wa watu.

Lakini mti una huruma kuliko binadamu. Miche mingi iliyokataa vikonyo haikufa, ilichipua tena chini ya jeraha. Baba mdogo akahesabu, akasema 190 inabebesheka tena, chini kidogo ya pale nilipoharibu. Akaniambia, "Mvua za vuli zikianza tutarudia. Ila safari hii kisu tunachagua wote."

Nikadhani tunakwenda kutafuta kisu. Kumbe! Alinipeleka kwanza kutafuta wembe. Nataka ulishike hili, msomaji wangu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike leo. Kisu cha kubadilisha makali kinachaguliwa kwa kuanzia kwenye wembe. Mpini unanunua mara moja, wembe utanunua maisha yako yote. Zunguka kwanza mtaani kwako uone ni nyembe gani zinapatikana kila siku, dukani kwa mtu yeyote, halafu ndipo utafute mpini unaozipokea. Ukianza na mpini umeoa uzuri, na ukweni hukujui.

Katika kuzunguka kwetu tulikutana na koo nne za nyembe.

Wa kwanza ni huo wembe wa kunyolea. Upo kila kiosk, bei yake ni ya kutupa, na ipo mipini ya kukunja inayoupokea. Kwa kazi laini, kama kukata uzi au kuchana nailoni, hauna mpinzani. Kwa shina la mti, dole gumba langu ni shahidi.

Wa pili ni ule wa kuvunja, wa visu vya makaratasi. Wembe mrefu wenye mistari, ncha ikiisha makali unaivunja, inayofuata inakuwa mpya. Aliyebuni ni Mjapani, Yoshio Okada wa Osaka, mwaka 1956. Alikuwa anafanya kazi ya kukata karatasi, akapata wazo kwa kuona mafundi viatu wanavyovunja vioo kupata ncha kali, na baa za chokoleti zinavyovunjika kwa mistari. Sifa yake kubwa ni kwamba vipimo vyake vinafanana. Kuna wa milimita 9 na wa milimita 18, na duka lolote la vifaa vya shule au ujenzi halikosi mmojawapo. Kasoro ni kwamba ukiutoa mrefu unalegea na kucheza, na hiyo mistari ya kuvunjikia ndiyo udhaifu wake ukikutana na kitu kigumu.

Wa tatu ni wembe wa hospitali. Mmarekani Morgan Parker alipata hataza ya kisu cha upasuaji cha wembe wa kubadilisha mwaka 1915, na mpaka leo mambo yanakwenda kwa namba. Mpini namba 3 unapokea nyembe namba 10, 11, 12 na 15. Mpini namba 4 unapokea kuanzia 20 mpaka 25. Ukijua namba yako huhangaiki, unaingia duka la vifaa vya hospitali unataja tu. Unakuja umefungwa mmojammoja, hauna vijidudu, ukali wake ni wa kutisha. Siku hizi ipo hata mipini ya kukunja yenye vichwa hivyo. Ila ni mwembamba, ukiuzungusha ndani ya mti unakatika na kipande kinaruka. Halafu nyingi zina tumbo la mviringo, nzuri kwa nyama, wakati kabari ya kikonyo inataka uso ulionyooka.

Wa nne ni ule mnene mfupi wa mafundi, umbo lake kama paa la nyumba lililokatwa kilele. Una makali yaliyonyooka, haupindi ovyo, na upande mmoja ukiisha unaugeuza unatumia wa pili. Mafundi wa jipsamu na mazulia wanaufahamu. Baba mdogo aliuweka kwenye kiganja, akaugusa kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Huyu ndiye mkwe."

Hapo ndipo tukatafuta mpini. Na mpini nao una mitihani yake. Kwanza, uwe na kufuli. Ukikunjua kisu, bapa lijifunge, lisirudi lenyewe. Baba mdogo ana kovu kwenye vidole viwili kwa sababu ya kisu kilichojikunja katikati ya kazi. Dukani tulitoa wembe kwanza, tukakunjua mpini mtupu, tukagandamiza mgongo wake kwenye ukingo wa meza. Mitatu ya mwanzo ilikubali kurudi, tukairudisha kwa mwenyewe.

Pili, shika wembe ukiwa umefungwa, kwa kitambaa, ujaribu kuutikisa. Ukicheza hata kidogo, mkato wako utacheza. Tatu, angalia unavyobadilishwa. Kama ni kwa skrubu ndogo kama punje ya mtama, ikidondoka kwenye majani ndiyo kwaheri. Nne, wepesi ni mzuri, maana siku ya kubebesha unarudia tendo lilelile mara mia kadhaa, lakini mpini mwembamba sana unakupa ganzi vidole. Mkono ujae, mfuko usivutwe. Tano, na hapa nilishangaa, rangi kali si ujinga. Baba mdogo mwenyewe alichagua wa njano. "Wa kijani utaupoteza shambani kabla ya mchana." Kumbe rangi ile ya chungwa haikuwa kosa. Kosa lilikuwa langu kudhani rangi ndiyo kisu.

Tulinunua mpini wa njano, wa kawaida kabisa, hauna hata jina la kujivunia, na boksi zima la nyembe. Kila miche arobaini hivi nageuza wembe, kila baada ya miche michache naufuta kwa kitambaa chenye spiriti ili nisihamishe ugonjwa toka mche huu kwenda ule. Kukata matawi ni kazi ya mkasi wa kupogolea. Kufungua kopo la rangi ni kazi ya bisibisi. Kumkata mshikaji kucha siku hizi sifanyi.

Lipo na suala la nyembe zilizochoka. Kisu cha kunoa kinakuachia vumbi la jiwe tu, hiki kinakuachia takataka inayokata. Pale kwa bibi watoto wanacheza pekupeku. Siku moja nilikuta mtoto wa jirani ameokota wembe wangu anamchongea mwenzake gari la mgomba. Moyo ulinipasuka! Tangu siku hiyo nina kopo la Africafe, nimelitoboa mfuniko mpasuo mdogo. Wembe unaingia, hautoki. Likijaa nalifunga kwa gundi ya karatasi na kulizika kwenye shimo refu mbali na njia. Na kuchomoa wembe natumia koleo, vidole vyangu vimeshalipa kodi ya kutosha.

Jambo la mwisho nikuonye wewe wa mjini. Jumapili moja nilisahau kisu mfukoni, nikaenda kuangalia mpira. Mlangoni wanapapasa watu. Yule askari alikitoa, akakikunjua mbele ya umati, akaniuliza, "Hiki ni cha nini, kijana?" Nikaanza kueleza habari za vikonyo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mechi niliisikilizia nje kwa makelele ya mashabiki. Askari hakukosea. Kisu shambani ni chombo, kwenye umati ni silaha, na aliyekiona hana namna ya kujua wewe ni fundi. Siku hizi kisu changu kinakaa kwenye mkoba wa kazi pamoja na nailoni na spiriti, hakijui mfuko wa suruali.

Ile miche 190 ya marudio ilishika 171. Tuliiuza mwezi wa nne mvua za masika zikiwa zinanyesha, na pesa bibi akaifunga kwenye kanga yake, hakunipa niishike. Simlaumu. Mdogo wangu alianza chuo Januari iliyofuata, mwaka mzima nyuma ya wenzake. Juzi ameniletea shati aliloshona mwenyewe. Kola imepinda kidogo, lakini nalivaa. Nilipomwambia asante akacheka, "Kaka, hilo nimelikata kwa mkasi mkali, sikukata kwa kisu chako."

Binamu naye aliniuliza majuzi kama kile kisu cha mgeni bado ninacho. Ninacho. Kipo kwenye droo, kinang'aa, hakijawahi kuchubuka. Kinangoja wembe.

Basi msomaji wangu, ukisimama dukani na macho yameganda kwenye mpini, muulize muuzaji swali moja tu kabla hujatoa pesa: "Nyembe zake unazo?" Akianza kukuna kichwa, aga vizuri, uondoke. Kazi kwako! Tukijaliwa uzima tukutane wiki ijayo, hapahapa.